Kuirudisha Difu ya Gari Mahali Pake

Msimu ukikaribia, mkulima huyatazama majamvi yake, kamba zake na magunia yake, na aliyejaaliwa gari hulitazama gari lake. Injini ikiwa mbovu husikika, na breki ikiwa mbovu hujulikana kwa mguu. Lakini kiungo kilichoko nyuma, chini ya bodi, aghalabu hakitazamwi mpaka kianze kunguruma. Kiungo hicho ni difu. Wapo wanachama ambao huifungua wenyewe uwanjani, chini ya mwembe, nasi hatuwakatazi. Ila yafaa ijulikane kwamba kuifungua difu ni kazi ya spana, na kuifunga ni kazi ya kupima. Maneno yetu ya leo yanahusu zaidi hiyo kazi ya pili.

Hasara ya kuifunga vibaya si ya gari peke yake. Karafuu mbichi haingoji. Ikikaa imerundikana magunini kwa sababu gari limekufa njiani, hupata joto, huchacha, rangi yake hupauka, na ikifika kituoni haipati daraja. Na liko kubwa kuliko karafuu: difu yenye meno yaliyovunjika yaweza kukwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakasimama wakati gari linateremka mlima, na nyuma wamekaa wachumaji na watoto wao.

Kwanza tuseme difu hufanya nini, kwani asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua kwa nini kinapimwa. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Ikiwa magurudumu mawili ya nyuma yameachana mita 1.4, na gari likazunguka duara zima, gurudumu la nje litakuwa limekwenda mita 8.8 zaidi ya lile la ndani. Lau magurudumu hayo yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburura chini na tairi lingekwisha upesi, au shafti ingekatika. Difu huyapa yote mawili nguvu ya injini, na papo hapo huliruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Kazi hiyo hufanywa na meno madogo manne yaliyomo ndani ya kibweta cha chuma: mawili yameshika shafti za magurudumu, na mawili yamepita katikati yao.

Kibweta hicho kimefungwa kwenye gurudumu kubwa la meno ambalo mafundi huliita kraunwili, nayo huzungushwa na jino dogo la mbele liitwalo pinieni, ambalo limeungana na propela. Hapa ndipo penye siri yote. Katika difu nyingi za Toyota Hilux za zamani kraunwili ina meno 41 na pinieni ina meno 10, yaani pinieni huzunguka mara nne na zaidi kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja, na nguvu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Hesabu ya 41 na 10 haikuwekwa ovyo. Kwa kuwa hazigawanyiki kwa namba moja, kila jino la pinieni hukutana kwa zamu na kila jino la kraunwili, wala hakuna mawili yanayosuguana peke yao siku zote. Kiwandani viwili hivi husuguliwa pamoja mpaka vizoeane, kisha huuzwa kama jozi. Atakayenunua pinieni peke yake kwa kuwa ni rahisi, amenunua kelele.

Tumechagua kueleza difu ya nyuma ya Hilux, ile ya inchi 8 ambayo kichwa chake hutoka mbele ya nyumba ya ekseli, kwa kuwa yatengenezeka nyumbani. Gari lako likiwa la namna nyingine, mpango wa kazi ni huu huu, lakini vipimo si hivi. Kila gari lina kitabu chake.

Kabla hujaingia chini ya gari, fikiri juu ya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma. Nawe utakapozitoa shafti za nyuma, utakuwa umeiondoa breki hiyo. Na utakapoitoa propela, hata kuliacha gari katika gia hakulizuii tena. Basi kitakacholishika gari ni magogo uliyoyatia mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na stendi za chuma zilizosimama juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Matofali ya saruji yenye matundu hupasuka bila ya kutoa sauti ya kuonya, na mawe ya matumbawe ni hivyo hivyo. Hili hatuliongezei maneno.

Kazi ya kufungua tutaipita upesi. Legeza nati ya kutilia mafuta kabla ya kufungua ile ya kumwagia. Ya juu ikikataa kufunguka nawe umekwisha kumwaga, umebaki na gari lisilo mafuta na lisilotilika. Yatazame mafuta yanayotoka. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine wakati gari lilipovuka bondeni. Yakiwa na vumbi la chuma linalong'aa kidogo, ni uchakavu wa kawaida. Yakiwa na vipande, tafuta vimetoka wapi. Kisha toa dramu, fungua bomba la breki na waya wa breki ya mkono kila upande, fungua nati nne za bati la breki, vuta shafti. Tia alama kwenye propela na kwenye kiungo chake ili irudi kama ilivyokuwa. Mwisho fungua nati 10 zinazokishika kichwa cha difu, ukitoe. Kinapita kilo 30, nacho kinateleza kwa mafuta. Kiwe na watu wawili.

Sasa kichwa kiko juu ya meza. Usishike spana. Shika panchi na nyundo ndogo. Kraunwili na kibweta chake hulala juu ya beringi mbili, na kila beringi imeshikwa na kofia ya chuma yenye boliti mbili. Kofia hizi zilichongwa kiwandani zikiwa zimekwisha kufungwa mahali pake, kwa hivyo ya kulia haiwezi kuwa ya kushoto, ijapokuwa kwa macho ni mapacha. Gonga nukta moja kwenye kofia ya kushoto na nukta moja kwenye chuma inachokalia. Nukta mbili upande wa kulia. Tia alama vile vile kwenye zile nati kubwa mbili za pembeni zinazozisukuma beringi, na hesabu zimeingia kiasi gani. Kisha, kabla ya kulegeza chochote, pima nafasi iliyopo baina ya meno na uiandike. Mwenye kuziandika hesabu hizi kwenye karatasi, siyo kwenye ukuta wala kichwani, amekwisha fanya nusu ya kazi ya kurudisha.

Twaingia katika kufunga. Kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa, kikaushwe, kipakwe mafuta ya gia. Beringi isizungushwe kwa upepo wa mashine ili ikauke, huumia.

Anza na kibweta. Yale meno madogo yana pete nyembamba nyuma yake. Pete za kushoto na kulia ziwe za unene mmoja. Kisha kraunwili irudi kwenye kibweta chake, nayo huingia kwa kubana. Wengi huigonga kwa nyundo, na wengi huipinda. Njia iliyo bora iko jikoni: iweke katika sufuria ya maji yanayochemka mpaka ipate joto lote, itoe kwa koleo, ingoje maji yakauke juu yake, halafu iingize upesi ikiwa imetanuka. Alama zielekeane. Itaingia yenyewe kwa mikono iliyovaa glavu, na ikipoa itashika. Boliti zake zikazwe kidogo kidogo kwa kuvuka, ya huku kisha ya upande wa pili, mpaka zifike nguvu iliyoandikwa, ambayo kwa difu hii ni newtoni-mita 97. Kwa asiyezoea hesabu hiyo, ni kama kutundika kilo 20 mwishoni mwa spana ya nusu mita. Hata hivyo spana ya kupimia nguvu ni ya kuazima, si ya kukisia. Halafu yakunjwe yale mabati ya kufungia vichwa vya boliti. Boliti moja ikilegea humo ndani, meno hayana pa kukimbilia.

Inafuata pinieni, nayo ndiyo yenye taabu. Chini ya kichwa chake, nyuma ya beringi kubwa, ipo pete nyembamba ambayo mafundi huiita shimu. Unene wa shimu ndio unaoamua pinieni iingie ndani kiasi gani kuielekea kraunwili. Ukibadilisha beringi tu na jozi ya meno ni ile ile, shimu ya zamani hurudi, na mara nyingi yatosha, ila kuhakikisha ni lazima. Ukitia jozi mpya, shimu ya zamani ni pa kuanzia tu.

Baina ya beringi mbili za pinieni iko spesa, kibomba cha chuma chembamba kilichotengenezwa makusudi kipondeke. Nati ya pinieni ikikazwa, spesa hupondeka kidogo kidogo na beringi hubanwa. Hairudi nyuma: ukipitiliza ukalegeza nati ili kupata kipimo, umejidanganya, kwani spesa haitanuki tena, itupwe, itiwe nyingine. Kwa sababu hiyo, wakati wa majaribio ya meno, funga pinieni bila ya spesa na bila ya sili ya mafuta, ukaze nati kwa uangalifu mpaka ifikie mbano wake. Spesa mpya itiwe mara moja tu, mwisho, baada ya meno kukubali.

Mbano huo hupimwaje nyumbani? Kwa kifaa ambacho wavuvi wetu wanacho: mizani ndogo ya ndoana. Zungushia uzi kwenye kiungo cha pinieni, mahali panapofungwa propela, utie ndoana, uvute taratibu, na usome kilo pale kinapoanza kuzunguka. Kipimo cha difu hii, pinieni ikiwa peke yake bila kraunwili, ni kilo-sentimita 19 mpaka 26 kwa beringi mpya, na 9 mpaka 13 kwa beringi zilizokwisha tumika. Ikiwa kutoka katikati mpaka uzi ulipokaa ni sentimita 5, gawanya kwa 5: mizani isome baina ya kilo 3.8 na 5.2 kwa beringi mpya, na baina ya 1.8 na 2.6 kwa za zamani. Mbano ukizidi, beringi huungua. Ukipungua, pinieni hucheza na meno huliwa. Unapokikaribia kipimo, kaza nati kama unavyosogeza mkono wa saa, upime, ukaze tena, upime.

Hapo kibweta na kraunwili yake kilazwe mahali pake, nati za pembeni ziingizwe kwa vidole mpaka zikubali uzi wake, kofia zirudi kwa nukta zake. Kofia ikikataa kukaa vyema, sababu ni uzi wa nati ya pembeni uliopanda. Dawa yake ni kutoa na kuanza tena, siyo kukaza boliti ili ikae kwa nguvu.

Nafasi baina ya meno ya kraunwili na ya pinieni ndiyo kipimo kinachowashinda wengi. Yatakiwa iwe baina ya milimita 0.13 na 0.18. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hivyo, tofauti ya kipimo kidogo na kikubwa kinachoruhusiwa ni nusu ya unene wa karatasi. Hakuna jicho linaloona hayo, wala kidole, hata kiwe cha fundi wa miaka thelathini. Inatakiwa saa ya kupimia, ile ambayo mafundi huiita dailgeji, isimamishwe imara, ncha yake iguse ubavu wa jino la kraunwili, pinieni ishikwe isitikisike, kisha kraunwili isukumwe mbele na nyuma. Pima mahali patatu au zaidi kuzunguka duara. Nafasi ikiwa kubwa, legeza nati ya upande wa meno yasipo na ukaze ya pili kwa kiasi kile kile, mpaka kraunwili isogee kwenye pinieni. Ikiwa ndogo, fanya kinyume. Kila unachokitoa huku ukitie kule, ili mbano wa beringi za pembeni usibadilike.

Saa hiyo si ghali kama watu wanavyodhani, na kikundi cha majirani chaweza kununua moja. Asiyekuwa nayo, na asiyeweza kuiazima, sisi twamshauri hivi: atoe kichwa cha difu mwenyewe nyumbani, akipeleke kwa fundi mwenye vipimo kikiwa ndani ya gunia, kisha akirudishe mwenyewe. Ataokoa gharama ya kulivuta gari, na atakuwa hajakisia kisichokisika.

Nafasi ikikubali, yaulizwe meno yenyewe. Paka rangi ya kupimia, utando mwembamba tu, kwenye meno matatu au manne ya kraunwili mahali patatu. Mafundi wa zamani walitumia rangi nyekundu ya risasi iliyochanganywa na mafuta; risasi ni sumu, nayo haina sababu ya kutumika leo wakati rangi maalumu za kazi hii zinauzwa. Mtu mmoja aizuie kraunwili kidogo kwa kitambaa, mwingine azungushe pinieni mbele na nyuma. Tazama pale rangi ilipofutika. Alama ikiwa katikati ya jino, haikufika nchani wala shinani, meno yamekutana. Ikiwa juu, karibu na ncha za meno, pinieni iko mbali, shimu iongezwe unene. Ikiwa chini, karibu na shina, pinieni imeingia mno, shimu ipunguzwe. Na kubadilisha shimu maana yake ni kutoa pinieni, kuing'oa beringi kwa mashine, na kupima yote upya. Mara mbili au tatu si ajabu. Wengi huchoka hapa, jua limekwisha tua, wakasema itajizoesha yenyewe. Difu haijizoeshi. Meno yanayogusana kwa ncha hubeba mzigo wote juu ya ncha, nayo humeguka kipande kimoja, na kipande hicho huzunguka ndani ya mafuta mpaka kipate pa kupita, yaani baina ya meno mengine.

Meno yakikubali, toa nati ya pinieni, tia spesa mpya, beringi ya mbele, sili mpya yenye grisi midomoni, ukaze mpaka mbano uwe ule ule. Pima nafasi ya meno mara ya mwisho. Pigilia ukingo wa nati ya pinieni ndani ya mfereji wake ili isilegee, na ufunge vile vibati vinavyozizuia nati za pembeni.

Kukirudisha kichwa katika ekseli ni kazi nyepesi. Uso wa chuma uwe safi, gesketi mpya, nati 10 zikazwe kwa kuvuka. Shafti ziingizwe zikiwa zimenyanyuliwa, meno ya mwisho wake yasikwaruze mdomo wa sili. Mkwaruzo mmoja wapeleka mafuta ya gia kwenye breki. Tazama na kile kipumulio kidogo kilichoko juu ya ekseli, ambacho mara nyingi kimejaa udongo mwekundu. Kikiziba, joto huyasukuma mafuta nje kupitia sili, na mtu hubadilisha sili kila mwezi asijue kwa nini. Bomba za breki zikisha kufungwa, breki itolewe upepo mpaka kanyagio iwe ngumu, na breki ya mkono ijaribiwe kabla ya magogo kuondolewa. Halafu tia mafuta ya gia namba 90 ya daraja la GL-5 mpaka yafike mdomo wa tundu la kutilia na kuanza kuchuruzika.

Gari likiwa bado juu ya stendi, liweke katika gia na injini ikiwa imezimwa, uzungushe gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La pili litazunguka kinyume chake, laini, bila ya mkwamo. Kisha literemshe, uende nalo mwendo mdogo, bila mzigo, kwa robo saa, ukasimame na kugusa nyumba ya difu. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono hauvumilii, mbano umezidi. Sikiliza pia. Mlio mwembamba unapokanyaga mafuta au unapoachia ni wa meno. Ngurumo isiyobadilika ni ya beringi. Kelele inayotokea kwenye kona peke yake ni ya yale meno madogo ya kibwetani.

Jozi ikiwa mpya, isibebeshwe magunia kwa siku za mwanzo, wala isipandishwe milima mirefu bila ya kupumzishwa. Baada ya kilomita 800 hivi mafuta ya kwanza yamwagwe, kwani yamebeba vumbi la meno yaliyokuwa yakizoeana, na yatiwe mengine. Hayo yaliyomwagwa yatiwe dumuni na kufunikwa. Yasimwagwe shambani, khasa chini ya mikarafuu, wala karibu na kisima.